UZI: Kabichi, viazi na nyanya zinaoza na kutoa maji. Kabla hujanunua dawa, soma hapa

Mlalo_Mboga (mleta uzi)

Habari za jukwaani wakuu.

Masika yakikolea swali ni lile lile: "Kabichi zangu zinaoza na kunuka, nipige dawa gani?" Na majibu yanamiminika: piga kopa (dawa ya shaba), changanya na ya ukungu, ongeza busta. Mtu anamaliza hela ya mbolea dukani, na kabichi zinaendelea kuoza vile vile. Huku Usambara nimeona watu wakiumia sana kwa jambo hili, ndiyo maana naomba tulijadili mpaka kwenye mzizi. Bakteria anayeleta uozo huu ana tabia zake, na ukizijua utaelewa kwa nini bomba la mgongoni halimuwezi.

Ugonjwa ni kuoza laini. Unaletwa na bakteria, si ukungu. Makundi makubwa ni mawili, Pectobacterium na Dickeya. Zamani wote waliitwa Erwinia, kwa hiyo ukikuta Erwinia carotovora kwenye kijitabu cha zamani cha kilimo ujue ni huyu huyu, siku hizi anaitwa Pectobacterium carotovorum. Jina la Dickeya limekuja mwaka 2005 tu, kwa heshima ya Robert Dickey, mtaalamu wa magonjwa ya mimea wa Marekani.

Sasa anafanyaje kazi? Ndani ya jani, kiazi au karoti, seli zimeshikana kwa kitu kinaitwa pektini, kama tope linavyoshikilia matofali ya ukuta. Bakteria huyu hana uwezo wa kutoboa. Anachofanya ni kutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha ile pektini. Tope likishayeyuka, matofali yapo lakini ukuta hausimami. Seli zinaachana, zinavuja, na yale maji yenye sukari yanayovuja ndicho chakula chake. Ndiyo maana kabichi iliyokuwa ngumu asubuhi ya jana leo ukiibonyeza kidole kinazama.

Jambo hili limejulikana zamani. Mwaka 1901 Lewis Ralph Jones, aliyekuwa Vermont huko Marekani, alimweleza bakteria huyu kutoka kwenye karoti zilizooza. Carotovorum maana yake ni mla karoti. Baadaye, kwenye taarifa yake ya 1909, akaonyesha kwamba hata ukiwaondoa bakteria walio hai, kimeng'enya walichokitoa peke yake kinaendelea kulegeza mboga. Hili likae kichwani, kwa sababu lina maana kubwa kwetu: kichwa kilichoanza kulainika hakirudi. Hata ungepata dawa ya kuua kila bakteria aliyemo, palipoyeyuka pameyeyuka.

Nakuja kwenye hoja yangu. Kwa kuwa hawezi kutoboa, anahitaji mlango. Na milango mingi tunamfungulia wenyewe: jembe la palizi linalochubua shina, kisu cha kuvunia, gunia lililoshindiliwa, viwavi tuliowaacha, maji yaliyotuama. Kuoza laini ni ugonjwa wa jeraha na maji. Ukidhibiti hivyo viwili umemaliza sehemu kubwa ya kazi.

Naendelea chini, ila ulizeni kwanza.

Fundi_Bomba

Mkuu heshima yako. Kwa hiyo unasema hakuna dawa kabisa? Mimi dukani wameniambia hii ya unga wa njano ni "kiboko ya kuoza". Nimepiga mara mbili.

Mlalo_Mboga

Ndugu yangu, soma kibandiko cha hiyo pakiti. Kama kimeandikwa ni kiuakuvu na kiambato ni mankozebu, hiyo ni ya ukungu. Ni nzuri kwa bakajani la nyanya, lakini kwa bakteria wa kuoza laini ni hela imepotea.

Dawa za kopa zina nguvu kiasi juu ya bakteria, ila zinafanya kazi nje, juu ya jani, kabla bakteria hajaingia. Akishakuwa ndani ya shina au katikati ya kichwa cha kabichi, kopa haimfikii. Kwa hiyo ukiniuliza kama kuna dawa ya kutibu mmea ulioanza kuoza, jibu langu ni hapana. Ng'oa, toa nje ya shamba, okoa uliobaki.

Maabara_Moro

Uzi mzuri sana mkuu. Naomba niongeze jambo moja ambalo kwangu ndilo la ajabu kuliko yote kwa bakteria huyu, maana linaeleza kwa nini mzigo unatoka shambani mzima na kufika sokoni umeoza.

Bakteria mmoja mmoja akiingia kwenye jeraha haanzi kumwaga vimeng'enya hapo hapo. Angefanya hivyo wakiwa wachache, mmea ungeshtuka na kuanza kujikinga, nao wangeshindwa. Badala yake kila mmoja anatoa kemikali ndogo, jamii ya homoserini laktoni, inayosambaa pale walipo. Wakiwa wachache kemikali hiyo ni hafifu, wanatulia na kuzaana kimya kimya. Wakizidi, kemikali inafika kiwango fulani, na hapo wote kwa pamoja wanawasha jeni za kutengeneza vimeng'enya. Mmea unapigwa na jeshi zima kwa mkupuo.

Ndiyo maana unaona kiazi kizima kabisa kwa macho, unakikata hakina kitu, kumbe bakteria wamo ndani wanangoja wingi. Joto likipanda, unyevu ukipatikana, hewa ikipungua, wanafumuka. Baadhi ya bakteria hao, kemikali ile ile ikifika kiwango, wanatoa pia kiuavijasumu cha jamii ya kabapenemu, kuwazuia bakteria wengine wasije kula chakula walichokitengeneza.

Fundi_Bomba

Duh. Kumbe wanasubiriana. Asante sana mkuu.

Binti_Kinangop

Salamu kutoka Nyandarua, Kenya. Huku kwetu shida kubwa ni viazi. Shina linakuwa jeusi kuanzia chini kwa udongo, majani yanajikunja na kuwa manjano, ukivuta linatoka tu bila nguvu. Wengine wanasema ni mnyauko bakteria. Ni ugonjwa mmoja ama ni tofauti?

Mlalo_Mboga

Karibu sana dada. Ni tofauti, na ni muhimu usivichanganye.

Hiyo unayoieleza ni shina jeusi, na inaletwa na ndugu hawa hawa wa kuoza laini. Nchi za baridi anayesumbua zaidi ni Pectobacterium atrosepticum. Kwenye viazi vya Kenya ameshapatikana Pectobacterium brasiliense, ambaye anavumilia joto zaidi.

Mnyauko bakteria ni Ralstonia solanacearum, mwingine kabisa. Huyo anaziba njia za maji, mmea unanyauka ukiwa bado kijani. Kumtofautisha si kazi: kata kipande cha shina karibu na udongo, kifunge kwa uzi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kuitikisa. Dakika chache tu, kama ni mnyauko utaona nyuzi nyeupe kama za maziwa zinashuka kutoka kwenye mkato. Kwenye shina jeusi huoni nyuzi hizo. Unachoona ni shina lenyewe limeoza, limelainika na kuwa jeusi kuanzia kwenye kiazi cha mbegu.

Na hapo kwenye kiazi cha mbegu ndipo penye chanzo. Kiazi mama kinaoza chini ya udongo, bakteria wanatoka na maji ya udongoni mpaka kwenye viazi vichanga pembeni. Wanaingilia kwenye vile vitundu vidogo vya kupumulia vilivyo kwenye ganda. Angalia kiazi kilichokaa kwenye udongo uliojaa maji: vile vitundu vimevimba, vimekuwa vidoadoa vyeupe vilivyoinuka. Hiyo ni milango iliyo wazi kila upande.

Kwa hiyo: mbegu safi kutoka kwa mzalishaji aliyekaguliwa, panda kiazi kizima, acha kukata mbegu vipande, panda kwenye matuta yaliyoinuka, na usivune udongo ukiwa na tope. Kata majani wiki mbili hivi kabla ya kuchimba ili ganda likomae. Ganda likichubuka kwa kidole, bado halijawa tayari.

Binti_Kinangop

Asante kaka. Hilo la kukata mbegu ndilo linatumaliza huku, maana mbegu ni ghali na mtu anaona akikata atapata mara mbili. Na kuosha? Wanunuzi wengine wanataka viazi vimeoshwa.

Maabara_Moro

Dada, kuosha kiazi na kukifunga kikiwa kibichi kwa maji ni kumpa bakteria kila anachotaka. Utando wa maji juu ya ganda unazuia hewa. Kiazi kinapumua, kinamaliza oksijeni iliyomo ndani kwa saa chache tu, na kikikosa oksijeni kinashindwa kujenga ganda jipya juu ya jeraha. Bakteria hawa wanaishi vizuri penye hewa na pasipo hewa. Kwa hiyo kinga ya kiazi imekwama wakati mshambulizi anaendelea. Kama mnunuzi anang'ang'ania, osha kwa maji safi yanayotiririka, usitumie beseni moja kutwa nzima, kisha anika kivulini mpaka vikauke kabisa kabla ya kufunga.

Dalali_Mabibo

Mimi nipo sokoni Dar. Mnasema sana kuhusu shamba, lakini mkulima mwenyewe analeta mzigo umeshaoza halafu lawama ni kwa dalali. Na hiyo habari ya lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, mkulima ndiye anayekubali kushindilia. Mteja anataka gunia limejaa, usipojaza hauzi.

Mlalo_Mboga

Mkuu, nimefurahi umekuja, maana wewe unaona ule mwisho ambao sisi hatuuoni.

Sitaki tulaumiane. Naomba tuangalie kinachotokea ndani ya hilo gunia. Lumbesa imefungwa kwa kamba, viazi au kabichi za chini zimebeba uzito wa zote za juu, na mtu amekaa juu yake. Barabara ya kushuka mlimani kila kona ni msukosuko. Kila pigo ni jeraha, hata kama ganda halijapasuka, kwa sababu seli za ndani zinavunjika. Turubai limefunikwa, joto limepanda. Bakteria hawa wengi wanapenda nyuzi joto 25 hadi 30, na ndani ya mzigo uliofunikwa kuelekea Dar unazipata bila kutafuta. Kichwa kimoja kikianza, maji yake yanachuruzika juu ya vilivyo chini, navyo vina majeraha tayari. Ukifungua kesho yake unakuta mstari wa uozo umeshuka kutoka juu hadi kitakoni mwa gunia.

Sheria ya vipimo inakataza lumbesa kwa sababu ya kumpunja mkulima. Wenzetu Kenya wana kanuni za viazi za 2019 zinazotaka gunia lisizidi kilo 50. Mimi naona hata kama suala la bei lisingekuwepo, kwa kuoza tu lumbesa ilistahili kufa. Ukipiga hesabu ya unachotupa, hilo gunia "lililojaa" umelijaza uozo.

Dalali_Mabibo

Hapo kwenye mstari wa uozo umesema kweli, ndivyo tunavyokuta. Lakini kreti za plastiki nani ananunua? Na zikienda Dar hazirudi.

Mlalo_Mboga

Hilo la kreti kutorudi ni kikwazo cha kweli, na mkulima mmoja mmoja halimalizi. Kikundi kinaweza kukubaliana na mwenye gari kreti zirudi na safari ya kurudi. Wakati hilo halijawa, gunia la wavu, dogo, lisiloshindiliwa, likipangwa wima na nafasi ya hewa katikati, ni bora mara nyingi kuliko lumbesa.

Mama_Ruaha

Wanangu, nisaidieni na vitunguu. Nalima huku Ruaha Mbuyuni kwa maji ya mfereji. Nikiweka stoo, baada ya muda nabonyeza shingo inalainika, na maji ya kunuka yanatoka. Vingine kwa nje vizima, ila ukimenya unakuta ganda moja la ndani limeoza, yanayofuata mazima. Vinanuka uchachu.

Maabara_Moro

Shikamoo mama. Hapo inaelekea una wageni wawili. Shingo kulainika na maji ya kunuka ni Pectobacterium. Hilo la ganda moja la ndani kuoza na harufu ya siki ni tabia ya Burkholderia cepacia, bakteria aliyeelezwa mwaka 1950 na Walter Burkholder huko New York, kutoka kwenye vitunguu hivyo hivyo. Wote wawili wanapitia shingoni, na wote wanaletwa na maji.

Mlalo_Mboga

Na mimi nasalimu kama mwenzangu: shikamoo mama.

Kitunguu kina bahati moja, shingo ikikauka vizuri mlango umefungwa. Kwa hiyo kazi yote ni kukausha shingo. Acha kumwagilia wiki mbili hadi tatu kabla ya kung'oa. Ngoja majani zaidi ya nusu yaanguke yenyewe. Usiyakanyage ili yalale haraka, maana hapo unavunja shingo mbichi. Punguza yurea mwishoni, kwa sababu naitrojeni nyingi inafanya shingo nene isiyokauka. Ukishang'oa, tandaza kivulini penye upepo hadi ukizungusha shingo kwa vidole inasagika, ina ukavu, haitelezi. Hapo ndipo ukate majani, ukiacha shingo ya sentimita mbili au tatu. Ukikata mapema, ule mkato mbichi ndio unaoingiza uozo. Vyenye shingo nene vitenge, uviuze kwanza.

Mama_Ruaha

Marahaba wanangu. Sisi tunakata siku hiyo hiyo ya kung'oa ili gari lipakie. Nitawaambia vijana.

Mlalo_Mboga

Naendelea na kabichi kama nilivyoahidi.

Kwenye kabichi anayefungua mlango mara nyingi ni ugonjwa mwingine, uozo mweusi wa bakteria aitwaye Xanthomonas. Utauona kwenye ukingo wa jani: baka la manjano lenye umbo la V, ncha ikielekea katikati, na mishipa imekuwa myeusi. Huyo hafanyi kabichi itoe maji wala kunuka. Ila anaua sehemu ya jani, na Pectobacterium anaingia pale palipokufa. Mkulima anaona uozo wa maji anasema ugonjwa ni mmoja. Kumbe angezuia wa kwanza, wa pili asingepata njia. Uozo mweusi unasafiri na mbegu. Kama mbegu si ya uhakika, zipitishe kwenye maji ya nyuzi 50 kwa dakika 25, uwe na kipimajoto cha kweli. Ukizidisha joto unaua mbegu, ukipunguza umeosha tu.

Mlango wa pili ni viwavi wa nondo mgongo almasi. Matundu yao ukiyaangalia yana kinyesi na unyevu, na bakteria anakaa humo humo.

Wa tatu ni mbolea. Kabichi iliyolishwa yurea kupita kiasi inakuwa kubwa, laini, imejaa maji, na inapasuka kichwa. Kalsiamu ndiyo inayokaza pektini. Palipo na kalsiamu ya kutosha vimeng'enya vinapata shida kuyeyusha. Ndiyo sababu mimi kwa kukuzia napendelea mbolea ya CAN, ina kalsiamu ndani yake, na naigawa mara mbili badala ya kuimwaga yote kwa mkupuo.

Wa nne ni kisu. Vuna umande ukishakauka. Kata kwa kisu kikali kwa mkato mmoja, acha majani mawili matatu ya nje yakinge kichwa. Kila unapokata kichwa chenye uozo, hicho kisu usikipeleke kwenye kizima. Kuwa na ndoo ya klorini: ile ya kufulia yenye asilimia 3.5, sehemu moja kwa maji sehemu sita. Futa tope na utomvu kwanza, kwa sababu uchafu unaimaliza nguvu klorini. Na usikipange kichwa chini kwenye udongo mkato ukiangalia chini. Mkato huo ndio jeraha kubwa kuliko yote.

Kijana_wa_Uyole

Mkuu nitahakikishaje ni bakteria mwenyewe bila kwenda maabara?

Maabara_Moro

Kuna kipimo cha kiazi, unaweza kufanya jikoni. Chukua kiazi kizuri, kioshe, kikaushe, kifute kwa spiriti. Kata vipande vya unene wa sentimita moja kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti. Weka karatasi ya chooni iliyoloweshwa kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, panga vipande juu yake. Chukua sindano, chovya kwenye mboga inayooza, pale mpakani ambapo uozo unakutana na sehemu nzima. Usichukue katikati, kule wameshajaa wengine wa kula mabaki. Choma katikati ya kipande cha kiazi. Kipande kingine choma kwa sindano safi. Funika, weka ndani ya nyumba.

Kesho yake au keshokutwa angalia. Kama ni hawa, kuzunguka tundu patakuwa pamelowa, rangi ya krimu, ukigusa kwa njiti inazama kama hakuna kitu, na ukingo wake umejitenga na sehemu ngumu. Kile cha sindano safi kitakuwa kigumu. Vyote vikioza, kiazi chako au kisu hakikuwa safi, rudia. Kipimo hiki hakikuambii ni spishi ipi, lakini kinakuambia kama kuna bakteria anayeyeyusha pektini.

Kijana_wa_Uyole

Nafanya leo. Na nyanya zangu nazo zina weusi kitakoni, ndiyo hii?

Mlalo_Mboga

Kama weusi uko chini ya tunda, mkavu, umebonyea na ni mgumu, hiyo ni upungufu wa kalsiamu na maji yasiyo na mpangilio, si bakteria. Kuoza laini kwa nyanya kunaanzia kwenye tundu la kantangaze (kiwavi anayetoboa nyanya) au funza, au pale kikonyo kilipong'oka. Tunda linakuwa mfuko wa maji, linaning'inia au linapasuka.

Na kama unaosha nyanya kabla ya kupeleka sokoni: nyanya iliyotoka juani ukiitumbukiza kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa na tunda linavuta maji kupitia kovu la kikonyo, pamoja na bakteria waliomo. Zipumzishe kivulini kwanza. Maji yawe safi, yasiwe baridi kuliko tunda, na ukiweka klorini ile ya asilimia 3.5, mililita 400 hivi kwa lita 100 za maji. Yakichafuka badilisha.

Dalali_Mabibo

Na masalo? Kuna watu wanakata palipooza wanauza kwa wapika chipsi. Ina madhara kwa mtu?

Maabara_Moro

Bakteria wa kuoza laini mwenyewe ni wa mimea, si tishio kwa mtu. Lakini sehemu iliyooza inakuwa makazi mazuri ya wengine. Utafiti uliofanyika Marekani miaka ya 1990 ulionyesha dalili za Salmonella zinapatikana zaidi kwenye mboga zenye kuoza laini kuliko zile nzima za soko hilo hilo. Kwa hiyo kachumbari ya masalo mimi sishauri kabisa.

Fundi_Bomba

Swali la mwisho. Nimeng'oa zilizooza, nimezirundika kando ya mfereji. Niziache zikauke?

Mlalo_Mboga

Hapana ndugu yangu, zitoe leo. Bakteria hawa wanasafiri kwa maji, na huo mfereji ndio unaomwagilia wewe na jirani yako wa chini. Inzi nao wanatua hapo na kuhamia kwenye jeraha la mmea mzima. Chimba shimo mbali na maji, zifukie kwa udongo wa kutosha. Usizirudishe kwenye samadi utakayoitumia msimu huu.

Shamba hilo usirudie kabichi, karoti, viazi wala nyanya msimu ujao. Weka mahindi au ngano. Kuta za seli za nafaka zina pektini kidogo, hawa hawapati chakula kirahisi, ingawa kuna Dickeya mmoja anayeozesha bua la mahindi penye maji mengi na joto. Hawatengenezi mbegu za kujificha kama ukungu fulani, wanategemea mabaki ya mazao. Kwa hiyo lima mabaki mapema yaoze yaishe kabla hujapanda tena, na kwanza kabisa chimba mtaro wa kutoa maji hapo palipotuama.